Kopo Lisilo na Tundu

Enzi zetu pale Mlandege, Iringa, miaka ya sabini, sebule haikuwa chumba cha watoto. Ilikuwa na viti vya vitambaa vya kudarizi, redio aliyoigusa baba peke yake, na sakafu nyekundu ambayo kila Jumamosi tuliipaka nta na kuisugua mpaka ukiinama unaiona pua yako. Tukimaliza ndipo tuliporuhusiwa kwenda kucheza rede, baridi ya Juni ikitupasua midomo.

Karibu na redio lilikaa ua la mama, la majani mapana, ndani ya kopo kubwa la maziwa lililopakwa rangi ya bluu. Mama mdogo Veronika, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alipoolewa Mbeya, bibi aliling'oa ua hilo kwenye kibaraza chake kule Kilolo, akaligawa mapande mawili, moja la mkubwa na moja la mdogo. Akawaambia, "La mmoja likinyauka, amtafute mwenzake."

Mama alilitunza kama mgeni wa heshima. Asubuhi maji, jioni maji, na majani akayafuta kwa maziwa wakati sisi chai yetu ilikuwa ya rangi. Kitu kimoja tu hakukikubali, kulitoboa kopo chini. Maji yangevuja kwenye sakafu yake.

Mwaka mmoja majani yakaanza kuwa njano. Mama akaanza kusahau, mboga zikakosa chumvi. Simu hatukuwa nayo, na habari za Mbeya zililetwa na jamaa waliopita njiani. Muda mrefu hakupita mtu. Kila jani lilipodondoka, mama alimwona akilini mdogo wake mgonjwa kitandani, na akaongeza maji.

Mwisho akamwita bibi, naye akaja na kikapu cha udongo mweusi wa msituni. Hata chai hakuigusa. Alitia kidole kwenye kopo, akakinusa.

"Mwanangu, hili halina kiu. Linazama."

Tulilitoa nje, uani. Bibi alilipasua kopo ubavuni kwa panga badala ya kulivuta ua kwa shina. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama ukili, mingine myeusi, inanuka. Akaikata iliyooza, akailegeza mizima kwa vidole. Kisha akachukua chungu cha mboga kilichopasuka kitako, akaweka vigae juu ya ufa, udongo, ua, na udongo tena bila kuushindilia. Mama alilalamika kwamba wageni wataona chungu cha jikoni sebuleni. Bibi akamuuliza kama hao wageni ndio waliomzaa Veronika.

Kabla jani jipya halijachomoza, alasiri moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama mdogo Veronika, ametoka Mbeya, amekumbatia kopo lililofunikwa kitenge. Alimshika mama mashavu yote mawili, akamtazama.

"Dada, u mzima? Langu linakufa."

Mama alilipokea kopo. Alifunua kitenge, akatia kidole kwenye kopo, akakinusa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Kumbe na Mbeya kulikuwa na sakafu nyekundu. Wakakaa wote wawili uani na panga, hawakuingia ndani mpaka giza. Doa la duara ambalo chungu kile kililiacha sebuleni, mama hakutuambia tulisugue.

Binti yangu anaishi Dar na kipande cha ua lile. Kulihamishia kwenye chungu kipya alifundishwa na simu, na udongo aliununua dukani, umefungwa kwenye mfuko kama sukari. Udongo, jamani! Jani likigeuka njano ananitumia picha, namjibu apunguze maji, ananirudishia kidole gumba. Ua lake linastawi kuliko letu lilivyowahi kustawi, sina la kumlaumu.

Ila juzi langu lilipoanza kudondosha majani, sikumtumia picha. Najua kabisa dawa yake. Niliketi tu sebuleni, nikautegea mlango sikio.