Fimbo ya Kuchungia Kuku

Kipanga hapigi kelele akija. Ukiona kivuli kimekatiza uani, jua ameshateremka, na kinachofuata ni yowe moja la kuku na manyoya yanayopeperuka. Mwewe ana nafuu: ananyakua kifaranga na kwenda zake. Kipanga mkubwa humkalia kuku palepale, akamzamishia kucha mgongoni na kuanza kumnyonyoa angali hai, huku macho ya kuku yanakutazama wewe. Nawachukia ndege hao kwa moyo wangu wote. Usiniambie kwamba nao ni viumbe wa Mungu. Najua, na nikipata jiwe nawarushia hao viumbe wa Mungu.

Nimeolewa hapa Gitting, chini ya mlima Hanang, na kinga yangu ilikuwa vichaka. Nyuma ya jiko niliacha magugu na minyaa vijishonee vyenyewe. Jogoo akitoa ule mlio wake wa hatari, kuku wote walitumbukia humo wakatulia kimya, na kipanga akabaki kuzunguka juu kwa hasira. Majirani walinitania kwamba nimeshindwa kufyeka. Niliwajibu wafyeke kwao.

Kisha akaja mama mkwe wangu kutoka Mogitu. Kwao ni watu wa ng'ombe, na ukame ulikuwa umemmaliza kabisa. Mume wangu alimkuta peke yake kwenye boma tupu, akamleta kwetu na shuka yake na fimbo yake. Kila asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, fimbo mkononi, anatazama bonde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi, mazungumzo ya siku nzima yameisha hapo. Nyama ya kuku hakula, mayai ndiyo kabisa. Alisema yeye hali ndege. Jioni moja akamwambia mwanawe, nami nikisikia, "Mimi narudi Mogitu. Hapa sina kitu ya kuchunga. Mtu hakai tu, anakula."

Mogitu hakukuwa na mtu wa kumchotea hata maji. Angekufa kule, na sote watatu tulilijua hilo. Mume wangu alinitazama, nami nikasema neno la kwanza lililonijia: "Mama, nichungie kuku."

Mume wangu alicheka. Mama yake hakucheka.

Kulipokucha alifungua banda na kuwaswaga. Sijawahi kuona vita kama ile. Kuku walitawanyika, yeye akapiga mluzi, akawazungukia, akatandika chini kwa fimbo, akawatukana kwa lugha yake. "Hii haina kiongozi!" alinilalamikia. Majirani walishika mbavu nyuma ya ua. Lakini siku zilivyokwenda wale kuku walimzoea, wakawa wanatembea mbele yake. Alimpenda zaidi mtetea mmoja wa madoadoa mwenye vifaranga, kwa sababu aliwahi kuwa na ng'ombe wa rangi hiyo. Akaanza kula vizuri. Habari ya Mogitu ikakoma.

Tatizo likawa moja. Aliwatoa vichakani kila mara na kuwapeleka peupe.

"Mama, waache humo humo. Ndimo wanamojificha."

"Kwa kichaka ndiyo adui analala. Fisi, chui, yote inatoka huko. Mnyama anachungwa pa wazi, uone adui akija."

"Adui wa kuku anatoka juu, mama."

Alitazama juu kwa heshima, hakuona kitu, akaendelea na kazi. Maisha yake yote adui alikuwa amekuja kwa miguu.

Siku moja nikarudi kutoka mnadani nikakuta nyuma ya jiko kumenyolewa. Alikuwa ameshika panga na kufyeka kila kitu, hata minyaa, na amesimama pale anangoja nimshukuru. Nilipiga kelele. Ndiyo, nilimpigia kelele mama wa mume wangu, majirani wakasikia, na hata leo ningepiga tena. Aliliweka panga chini. Alikwenda kukaa na kuku wake.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa jiko napukuchua mahindi, jogoo akalia. Kuku wote wakakimbilia vichakani. Walipofika walikuta visiki. Wakasimama palepale juani, wakizungusha shingo kama wageni waliokosa nyumba.

Kipanga alimwangukia yule wa madoadoa. Mtetea akajilaza juu ya vifaranga vyake, hakukimbia, na kucha zikamwingia mgongoni. Nilinyanyuka, nikakamata mchi uliokuwa kando ya mlango, lakini mama mkwe alikuwa amenitangulia, bibi kizee yule, fimbo ameinua kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilivunja bawa. Ndege hakuachia. Aligeuka, na kwa mguu mmoja akamrarua mama muundi, damu ikaruka. Mama akapiga tena, na tena, akipiga mayowe kwa lugha yake, maneno ambayo nadhani ni ya fisi na ya wezi wa ng'ombe. Alipiga mpaka kichwa cha kipanga kikawa hakina umbo. Alipiga baada ya hapo pia. Ilibidi nimkumbatie kwa nyuma ndipo akaacha.

Tukampindua ndege. Chini yake mtetea alikuwa amekufa, mgongo umepasuka kwa kucha na shingo imevunjika kwa fimbo.

"Ni mimi nimemuua," alisema.

Sikumbishia, maana niliona. Vifaranga vilikuwa vinalia huku na huko kwenye visiki. Mama mkwe akajishusha chini, akanyoosha miguu yake yenye damu, akatandaza shuka, navyo vikaenda kuingia chini yake kimoja kimoja.

"Mama, twende ndani nikuoshe hilo jeraha."

"Siwezi kusimama. Watoto wako hapa."

Nilishika yule kuku aliyekufa, nikingoja aseme neno Mogitu. Yeye alikuwa anatazama visiki.

"Hii vichaka," aliuliza, "inaota tena baada ya muda gani?"

"Mvua zikija, mama."

"Basi nitakaa mpaka iote," akasema, na kuvuta shuka ili ikifunike vizuri kifaranga kilichobaki nje.