Barua ya Kifaransa kwa Riziki

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya theluji mjini Buffalo, nimekalishwa sebuleni kwa baba yake Riziki, na barua yangu iko mkononi mwake. Ulikuwa mwaka wa 2015, kama sikosei.

Shule, iliyotufundisha kwa Kifaransa, niliiacha darasa la sita, kusoma sikuacha. Nilikuwa mtu wa kuhama: leo napakua mizigo bohari ya Jeffersontown, kesho niko Columbus. Huko Columbus, karibu na chuo kikuu, niliokota kitabu cha mashairi ya mapenzi ya Kifaransa. Nilishangaa. Mwanamke hakuitwa mzuri tu. Nywele zake zilikuwa shamba la ngano, shingo ilinukia machungwa, mdomo ulikuwa tunda lililopasuka.

Riziki tulikutana harusini, Louisville, akarudi kwao Buffalo, tukawa tunapigiana simu. Nilitaka kumwoa. Nikanakili shairi zima, nikatia jina langu chini, nikamtumia. Lakini Riziki alikulia kambini Tanzania, Kifaransa hakijui. Akampelekea baba yake amsomee, naye mzee alikuwa amefundisha Kifaransa Uvira miaka ishirini.

Mzee akaniita Buffalo, ila hakufoka. Aliitafsiri mstari kwa mstari mbele yangu, mama mtu kajifunika uso kwa kitenge.

"Bon," akasema. "Aliyeandika haya alimtazama mwanamke wake mpaka akamjua. Donc, kijana, hizi nywele za ngano ni za nani? Binti yangu amenyoa tangu aanze kazi ya kutunza wazee."

"Baba, labda kuna mzungu wake huko Columbus," Riziki akasema. Mama akacheka ndani ya kitenge.

"Rudi ukaandike kwa Kiswahili, kwa macho yako. Ukimaliza, njoo na wazee wako tuzungumze."

Nilikaa na karatasi wiki mbili. Shingo ya mwanamke wa kitabuni niliijua. Ya Riziki sikuijua. Sikuwahi hata kumuuliza akitoka kazini anaumwa wapi. Barua haikuandikika, na simu niliona haya kupiga. Mwaka uliofuata aliolewa na dereva wa lori. Nasikia wanaishi vizuri.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Soma mashairi, ya Kifaransa na ya kwenu, wala usiyakimbie yakitaja ngozi na midomo. Mwili si aibu kwa anayeupenda. Ila yakufundishe kutazama, yasitazame kwa niaba yako. Kabla hujamsifu mtu, kaa naye, muulize, msikilize. Mungu akujalie macho yasiyo na pupa, na mtu atakayekubali kutazamwa nayo.