Vijiti vya Mpaka Uwanjani

Cherehani yangu iko kwenye baraza linalotazama uwanja wa watu wote hapa Mweso, kwa hiyo miti ya pale nimeiona ikikua kila nilipoinua macho kutoka kwenye nguo. Leo ina kivuli kizuri. Wanaotoka hospitali hukaa chini yake wakisubiri pikipiki, na mimi hushukuru kimoyomoyo, maana ilibaki kidogo tu ing'olewe mara baada ya kupandwa.

Tuliipanda siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Mingi ilikuwa grevilea, miti ya kivuli, na michache avoka, yaani parachichi. Jioni mbuzi wakaja kuonja. Sasa mume wangu ni mtu asiyejua kungoja. Ukimwambia paa linavuja, hujamaliza kusema ameshafika juu. Jumapili alfajiri alikwenda kukata vijiti vya ule mti mwembamba tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, kwa sababu ukikichomeka tu kijiti chake kinaota, akaizungushia miti yote ua. Akarudi nyumbani amefurahi, akaomba chai.

Hakuimaliza. Kote huku Masisi, wilaya yetu, mtu akiona vijiti vile vimesimama kwa mstari anaelewa jambo moja tu: pana mwenyewe. Na wengi wetu tumewahi kurudi shambani tukakuta vijiti vya mtu mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu walipotoka kanisani tayari ilijulikana kwamba fundi cherehani na mumewe wamejikatia kiwanja katikati ya mji. Wakaanza kumsalimu mume wangu kwa jina la mwenye konsesioni, yaani ardhi kubwa ya mtu mmoja, kama wale matajiri wenye malisho milimani, na wengine hawakuwa wanatania. Niliwakasirikia watu waliotufahamu miaka yote, kisha nikamkasirikia yeye, aliyeshindwa kutumia matete kama binadamu wengine. Nilimwambia hivyo, tena si kwa upole.

Mchana shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alikuja na wanaume wenye majembe. Alisema hataki maneno marefu: vijiti ving'olewe, na miti nayo, pasibaki alama ya mtu. Hilo la miti lilinichoma. Mume wangu alieleza na kueleza habari za mbuzi, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi.

Alikuwepo mama mmoja mkimbizi kutoka upande wa Kalembe, aliyekuwa akilala na watoto wake katika darasa la shule ya jirani na kunisaidia kushona vifungo. Vita vilimtoa shambani kwake, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba vijiti vyake kule vimeng'olewa vyote. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Papa Shefu, hii vijiti haiko mubaya. Nafasi yake njo iko mubaya," alisema. "Mupaka inapandwaka mbele ya bantu. Muite bantu wote, muizungushe kiwanja yote, hapo hakuna muntu atasema iko yake."

Shefu alikubali kwamba mpaka haupandwi pasipo watu wa kushuhudia, akawaambia wanaume waweke majembe chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile niliona maana yake. Tuling'oa vijiti, tukakata vingine, na kila nyumba ikaleta mtu wa kuchomeka chake pembeni mwa uwanja. Shefu alimtaka yule mama aanze. Alikataa, akisema hana hata tuta moja Mweso. Shefu akamjibu kwamba ndiyo sababu: asiye na shamba hapa hawezi kujivutia mpaka. Alichomeka cha kwanza, kwenye kona inayotazama baraza langu. Kisha tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kama inavyopasa mashahidi wa mpaka, na mbuzi tukakubaliana wafungwe.

Tangu hapo tumepalilia kwa zamu, na hakuna aliyegusa ardhi ile.

Vijiti vilipokwisha kuota na vita kutulia njiani, yule mama aliamua kurudi kwao. Alikuja kuniaga asubuhi, mizigo imeshafungwa kwenye pikipiki, akasema ana ombi moja: vijiti vya kukata kutoka kwenye ule mti wake wa kona, akapande upya mpaka wa shamba lake. Niligeuka kumwita mume wangu. Alikuwa ameshavuka uwanja na panga, na aliporudi na mzigo wa vijiti niliufunga kwa kitambaa cha kitenge. Kwa mara ya kwanza haraka yake ilinipendeza.

Mama aliukumbatia mzigo ule, akatazama chini.

"Kule majirani walikimbia wote," alisema. "Dada, nitapanda mbele ya nani?"

Nilikuwa na gauni la harusi mkononi, la kuchukuliwa siku ileile. Nikaliweka, nikafunika cherehani, nikamwambia mume wangu aite pikipiki mbili zaidi.