Binti Yangu Yuko Pua

Sifa ni zako, Mungu uliyeuweka mlima mbele ya macho yetu na pumzi vifuani mwetu mpaka leo. Nisaidie nisiseme uongo tena.

Maana nilisema uongo, tena kanisani.

Kaka yangu alikuwa karani Nyeri, enzi Nyeri ikiwa makao makuu ya mkoa. Mimi nilikuwa mwalimu katika mji mdogo wa Kianyaga, na kila Krismasi nilisimuliwa habari za makao makuu mpaka chai ikakosa ladha. Kisha binti zetu wakaenda kufundisha Kiingereza nchini Thailand, katika mkoa mmoja uitwao Nan. Nikadhani sasa tumelingana.

Kumbe huko wilaya yenye makao makuu hubeba jina la mkoa, na mbele yake huwekwa neno Mueang. Binti wa kaka alipangiwa Mueang Nan. Wangu akapangiwa wilaya ya milimani iitwayo Pua.

Nilimwomba arudie kwenye simu.

"Ni Pua, Baba," akasema akicheka. "Na ni pazuri."

Sikutaka kusikia uzuri wake.

Jumapili iliyofuata washirika wakaniuliza habari zake. Kaka alikuwa ameketi karibu. Mdomo ukanitangulia: "Yuko Mueang." Wakamshukuru Mungu, nami mzee wa kanisa nikaitikia amina.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa kanisa letu alipata kazi huko huko Nan. Baada ya ibada akanijia. "Mzee, nitampelekea binti yako majani chai. Nimwulizie wapi pale Mueang?"

Kaka alikuwa kando yangu. Akilini niliyaona majani yakizungushwa katika mji asimoishi binti yangu, naye akiyangoja kwingine.

"Hayuko Mueang," nikasema. "Nilidanganya. Yuko Pua."

"Ati wapi?" kaka akauliza.

"Pua."

"Wangu yuko kichwani, wako yuko puani!" Akacheka hadi akashika kiti. "Mwambie mwenye pua asipige chafya, atamrusha!"

Watu wakacheka. Nikacheka pia, kwa uchungu.

Majani yalifika. Wivu haujaniondoka wote. Kaka akitamka Mueang, kitu bado huniuma. Lakini nikimwombea binti yangu, nataja mahali anapolala kweli, wala sauti hainikwami.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki pale pale alipokuweka, na awalinde wanao popote walipo.