Siku Nne Nilizocheka

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Riyadh, nikifanya kazi za ndani na kulea watoto wawili wa madam: msichana wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka miwili. Shule zilipofungwa wakati wa baridi, bosi, mume wa madam, alisema twende Jeddah kwa mama yake, kisha sote tukapige hema pwani, kaskazini ya mji. Nilifurahi kuliko watoto. Mimi ni mtu wa Pwani ya Kenya, na tangu nifike sikuwa nimeiona bahari.

Safari ilichukua siku nzima. Niliwaimbia watoto nyimbo za kwetu mpaka sauti ikanikauka. Tulilala Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwa mama mkwe wa madam, na asubuhi yake tukaenda pwani na ndugu za bosi, magari matatu, mahema, mazulia, makaa, na masufuria ambayo wa kuyaosha nilikuwa mimi. Baridi ya Jeddah si baridi. Ni upepo wa kujitanda mtandio tu. Nilikunja suruali nikaingia majini na watoto. Tulijenga nyumba za mchanga, tukakimbizana na kaa. Nilicheka sana siku hizo.

Siku ya pili pwani, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa namwosha yule msichana mchanga miguuni. Akanitazama usoni.

"Kwani wewe hulii?"

"Nilie nini?"

"Baba yako amekufa. Mama alisema tusikwambie mpaka turudi Riyadh, utaharibu safari."

Nilimalizia mguu wa pili. Nikamvisha kandambili zake. Kisha nikamuuliza polepole mama yake alijuaje, akasema mtu wa kwetu alipiga simu siku moja kabla hatujaondoka. Baadaye nilijua ni kaka yangu. Simu yangu ilikaa kwenye droo ya madam, napewa Ijumaa tu, na Ijumaa iliyotukuta safarini nikaambiwa imesahauliwa Riyadh. Kaka, aliyesoma madrasa, alipoona sipatikani alimpigia madam mwenyewe, akamweleza kwa Kiarabu safi. Madam alielewa kila neno.

Siku nne. Baba yangu, fundi cherehani aliyenishonea kila nguo ya Idi mpaka nikaolewa, alikuwa udongoni siku nne, nami nakimbizana na kaa.

Ningeweza kumfuata madam hemani papo hapo tukayamaliza wawili. Sikutaka. Nilitaka watu. Nikasubiri mpaka Alasiri, wanawake wote walipoketi kwenye zulia, mama mkwe katikati, mawifi pembeni. Nikachukua dele la kahawa, nikammiminia mama mkwe kwanza. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikasema, "Mama, naomba umwombee dua baba yangu. Amekufa siku nne sasa. Mimi nimeambiwa leo, na mtoto."

Walisema innalillahi kwa pamoja. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Wewe ulijua?" akamuuliza madam.

"Angezikwa tu, hata ningemwambia. Nilitaka apumzike kwanza."

"Apumzike? Tangu jana anaosha vyombo vyetu."

Wifi mmoja aligeuza uso kando. Madam aliinama, shingo imemwiva kwa aibu, nami nikaendelea kumimina kahawa, kikombe kwa kikombe, bila kumwaga hata tone. Utamu nilioupata pale nausikia mpaka leo.

Mama mkwe alinipa simu yake. Mama yangu alipopokea hakulia. "Hitima tumeshasoma," akasema. "Shangazi zako wanasema Uarabuni kumekubadilisha, hata kupiga simu hupigi."

Jambo moja tu najutia. Jioni, nyuma ya gari, madam alimfinya mtoto wake mkononi kwa kuwa ndiye aliyesema. Nilimsikia mtoto akilia. Nilipochagua kulipiza mbele za watu sikumfikiria yeye, na ndiye pekee aliyenitendea haki.

Tulirudi Riyadh. Simu nikawa nakaa nayo mwenyewe, kwa amri ya bosi. Niliendelea kupika na kulea, ila tangu hapo madam sikumjibu zaidi ya "naam".

Miezi michache kabla ya mkataba kwisha, alijiandaa kwenda Umra. Mtu akienda huko huomba radhi kwa aliowakosea, kwa maana haki ya mja Mungu haifuti mpaka mja mwenyewe asamehe. Alinikuta nakunja nguo.

"Kwa lile la baba yako," akasema, "nisamehe."

"Hapana, madam."

Alidhani sijamsikia vizuri. Akarudia, safari hii akinishika mkono. Nikamwambia, "Nimekusikia. Sikusamehe." Nikachukua shuka nyingine. Alisimama pale, machozi yakimtoka, kisha akaondoka.

Siku ya kuondoka kwangu aliomba tena, mlangoni, watoto wakiwa wameningʼangʼania. Niliwabusu wao, nikaingia garini. Mama yangu hunisihi nimtumie yule mwanamke neno moja tu la radhi, nitue mzigo. Namba yake ninayo. Sijamtumia.