Kopo la Nangila

Nilikutana na Maximilla Nangila kwenye foleni ya maabara mjini Kisumu, kila mtu ameshika kopo lake. Kaunti haikupi leseni ya gari la chakula bila cheti cha afya, na cheti hakitoki mpaka choo chako kipimwe. Kopo langu lilikuwa tupu. Tumbo lilikuwa limenigomea siku tatu.

Nikamgusa bega Nangila, aliyekuwa mbele yangu. "Mama, si unigawie kidogo?"

"Nikugawie nini?"

"Unajua ni nini. Mia mbili."

Alicheka mpaka karani akatuangalia. "Baba, nimeuza vitu vingi, lakini hiki bado. Weka pesa yako. Siku moja utanisaidia kubadilisha tairi."

Akanigawia kwa kijiti, nyuma ya vyoo vya kliniki.

Ndivyo alivyokuwa. Alitoka Bungoma, akaosha vyombo hotelini miaka tisa, akanunua gari kuukuu la mikate na kulikata dirisha ubavuni kwa mkono wake. Miaka mitatu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa wimbi kando ya ziwa, akiwasha gari na kutoroka kila askari wa kaunti walipotokea. Sasa kaunti ilikuwa imechora nafasi sita pale. Tano zilikuwa na wenyewe. Ya sita aliitaka yeye, na mimi pia. Hilo sikumwambia kwenye foleni.

Majibu yalitoka na amiba, yangu na yake. Nangila alifunga dirisha lake siku hiyo hiyo, akaanza dawa. Mimi nilimeza dawa ya kufungua tumbo, nikaenda kliniki nyingine na choo changu mwenyewe, nikapata cheti.

Ijumaa mchana, wateja wamejaa kwenye yale magari mengine kando ya ziwa, afisa wa kaunti, Ajwang, alikuja kugawa ile nafasi.

"Afisa, cheti changu kitatoka baada ya wiki moja," Nangila akasema. "Naomba unisubiri."

"Mama, umepika hapa miaka mitatu. Wiki moja si kitu."

Niliona nafasi inaenda. Nilijua dirisha lake limefungwa, hakuna mtu aliyekula kwake tangu majibu yatoke. Bado nikasema, kwa sauti ya wateja wote kusikia: "Huyo ana amiba. Mnataka awapikie?"

Nangila akanigeukia.

"Bwana Oyugi, na wewe umejuaje? Si ni mimi nilikugawia choo, ulipokosa chako?"

"Yawa!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Oyugi, hata hicho unaomba?"

Walicheka wote, isipokuwa Ajwang. Alikagua cheti changu: muhuri sawa, tarehe sawa. "Mama, sasa watu wamesikia," akamwambia Nangila. "Siwezi kukusubiri tena." Akaandika jina langu.

Nangila alipona kwa siku kumi. Lakini kando ya ziwa hakuna aliyetaka tena omena yake. Siku hizi huuza mji wa Sondu, siku za soko. Nilienda mara moja, nikapanga foleni. Alinipakulia sahani imejaa, akanitajia bei ya kila mtu, akamwita mteja aliyefuata. Mimi, ambaye hubishania bei hata ya kiberiti, nililipa kimya na kula nyuma ya gari, asikoniona.

Nafasi ya sita bado ni yangu, leseni imebandikwa kwenye kioo. Wateja huniuliza kama samaki ni wangu au nimegawiwa. Kila miezi sita naenda kupimwa, asubuhi sana, kabla foleni haijaanza.