Kifini cha Mzee Eino

Siku yangu ya kwanza kazini, muuguzi mkuu alinikabidhi ufunguo wa gari na viatu vya theluji, akaniambia, "Keti na wazee kwanza. Wakinyamaza, nawe nyamaza. Kahawa ikiisha, watasema."

Ilikuwa manispaa ndogo ya mashambani huko Finland, maziwa mengi kuliko barabara. Mume wangu alikuwa anasomea misitu chuoni, nami nikaajiriwa katika huduma ya nyumbani, yaani kuzunguka kwa wazee, kuwaogesha, kufunga vidonda na kuhakikisha wamemeza dawa. Majira ya baridi, ziwa likiganda sawasawa, tulikatiza juu yake kwa gari. Mara ya kwanza nilisali Kikamba tangu ukingo hadi ukingo. Wazee hao hawakujua Kiingereza, kwa hiyo nilijifunza Kifini jikoni kwa watu, neno kwa neno, huku nikimvisha mtu soksi.

Baadaye mume wangu alipata kazi kiwandani Södertälje, tukahamia Sweden. Nikaanza upya na Kiswidi, kisha nikaajiriwa Stockholm katika nyumba ya wazee, wodi ya waliopoteza kumbukumbu.

Huko nilimkuta Mzee Eino, mzaliwa wa Finland aliyehamia Sweden kufanya kazi kiwandani. Alisukuma sahani, akapiga mikono ya waliomwogesha. Msimamizi wa wodi, mama mpole aliyechoka, alituonya, "Kwake nendeni wawili wawili. Kiswidi kimemtoka chote." Ndivyo ugonjwa ule ulivyo: lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka.

Nikaketi naye na kahawa. Nikanyamaza. Alipomaliza kikombe nikamuuliza kwa Kifini kama barafu ya kwao ilikuwa inabeba gari.

Aligeuka akanikazia macho. "Wewe ni wa wapi?"

Nikamtajia ile manispaa yangu ya kwanza. Akacheka hadi machozi, akanitajia yake, ya kaskazini zaidi, na ziwa lao, na shamba la baba yake. Siku ile alikula.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyezaliwa Sweden. Alikuja kila Jumapili akakaa kando ya baba yake bila neno. Kifini hakukijua. Alipotusikia tukizungumza alinishika mkono.

"Tafadhali muulize kama ananijua."

Nikauliza. Mzee akamwangalia kwa upole, akajibu. Nilitamani kudanganya, lakini binti yake alikuwa ananitazama usoni.

"Anasema wewe ni dada yake."

Akasema, "Basi muulize ana lipi la kumwambia dada yake."

Mzee Eino alisema polepole, nami nikafasiri kipande kwa kipande: "Nina binti huko Sweden. Ana akili sana. Mimi Kiswidi changu ni cha kiwandani, naona haya kuongea naye. Ataniona mjinga."

Binti akainamia mikono ya baba yake, akalia. Kisha akaniomba nimfundishe kusema kwa Kifini, "Mimi ni binti yako." Tulirudia sentensi hiyo pale koridoni, akikosea na kujirekebisha. Tangu hapo kila akija alianza na sentensi ile. Siku nyingine mzee aliishia kumshangaa. Siku nyingine alimpapasa shavu na kumwita *oma tyttö*, msichana wangu mwenyewe. Alipofariki, binti alikuwa pembeni yake, akiongea Kifini kidogo alichokuwa nacho.

Niliendelea na kazi ile hadi nilipostaafu. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mna mashine za kuinulia wagonjwa, na simu inayofasiri lugha yoyote. Zitumieni, migongo yetu imekwisha. Ila simu haiwezi kumfasiria mtu jambo ambalo hajawahi kuthubutu kulisema.

Nyumbani kwetu Husby, mtaa wa Stockholm, mimi nasema Kiswahili, watoto wananijibu Kiswidi. Miaka yote nilicheka tu. Baada ya kustaafu, siku moja mwanangu Daudi alikuja kula, nikamwambia wazi: "Nikizeeka, Kiswidi kinaweza kunitoka. Utaongea nami vipi?"

Aliweka kijiko chini. Ana watoto wawili, ana ofisi Kista, mtaa wa jirani, lakini sauti yake ikawa ya mtoto mdogo.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, akitafuta kila neno, "mimi naona aibu. Nakosea sana."

"Kosea," nikamwambia. "Kosea hapa hapa, mbele yangu."